Mwalimu Aliyetaka Asiulizwe

Siku nilipofuta mali za nusu ya mtaa sikujua kwamba nilikuwa nafuta. Nilidhani nafanya usafi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo, kati ya gunia la chakula cha vifaranga na kiroba cha maranda. Mwalimu ndiye aliyeiweka pale, akanikabidhi kwa maneno machache: "Baba Neema, kazi yako ni moja tu, usiizime." Mimi ni mtu wa nyumbani. Nafuga kuku wa nyama hapa hapa Kibaha, kidato cha nne nilimaliza kwa daraja ambalo wazazi wangu hawakulitangaza kanisani, na mtu akinipa kazi ya kutofanya kitu najiona nimepata ajira ya fani yangu. Sasa asubuhi hiyo vifaranga walishakula, mke wangu yuko sokoni, nikasema hebu niwashe kioo nione humu ndani mna nini.

Nikakuta vipande vingi mno, vyote vina majina kama namba ya chasisi ya pikipiki: herufi, tarakimu, herufi, tarakimu, hakuna neno linalosomeka. Sikuviweka mimi. Nikaamua hivyo ni virusi. Nikavichagua vyote nikavifuta, nikapangusa na kioo kwa kitambaa, nikavaa shati, nikaenda kwa Mwalimu kupongezwa.

"Shikamoo Mwalimu. Nimetoa virusi kwenye ile mashine."

"Marahaba. Virusi vya namna gani?"

Nikamweleza. Alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla mwenzake hajafika mwisho, mabega yanaanza, kisha tumbo, kisha macho yanatoa machozi. Safari hii alianzia kwenye machozi.

"Hizo ni nyimbo za kwaya, Baba Neema. Ni picha za harusi za watoto wa watu. Ni notsi za kidato cha pili. Inawezekana umefuta na ubatizo wa Neema."

Nikamuuliza nianze kuomba radhi nyumba ya nani. Akaniambia nirudi nyumbani, nisiguse kitu, nikachungulie tena alasiri. Nikachungulia. Vile vipande vilikuwa vinarejea kimoja kimoja, kama kuku wanavyorejea bandani, kila kimoja na jina lake baya. Majirani wawili walikuwa na nakala za vitu vile vile, mashine zao zikagundua yangu imekaukiwa, zikaijaza. Hazikuuliza na hazikunisema. Mke wangu aliporudi alinisema kwa niaba yao.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwelewa Mwalimu, au tuseme nilianza kuona ukubwa wa nisichokielewa.

Alikuwa mwalimu wa hisabati, akastaafu, akabaki na suruali zile zile za kitambaa kizito na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja haiandiki. Nilipoanza kumzoea alikuwa ameshapangiwa safari na mkewe. Mama Mwalimu alirithi shamba Kibuta, kule Kisarawe, na alikuwa ameshatangaza kwamba nyumba ya pale ikiezekwa wanahama, mwenye kompyuta na asiye na kompyuta. Kwa hiyo katika miaka yote niliyomfahamu Mwalimu alikuwa na haja moja, na aliisema kwa kila aliyemsogelea: anataka aondoke, mtandao wa zile mashine ubaki. "Siku moja mtu atafute kitu, akipate, na mimi niwe nimelala usingizi. Hapo nitakuwa nimemaliza." Kama mtandao ungemtegemea yeye, ungekufa siku ile vitanda vyao vinapakiwa kwenye lori, na kila tulichokiweka humo kingekufa nao.

Kizuizi chake kikubwa kilikuwa sisi. Kizuizi nambari moja kilikuwa mimi. Nilimpigia simu taa ya mashine ikiwaka, nikampigia taa isipowaka.

Mtandao ulianza kwa sababu ya suruali. Usharika wetu ulikuwa unaweka kila kitu kwenye flashi moja ya katibu: nyimbo, majina ya waliopata kipaimara, picha za uzinduzi wa mnara wa kengele. Katibu akaacha flashi mfukoni, suruali ikaloweshwa, ikafikichwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyemsalimia katibu bila kumuuliza suruali inaendeleaje. Watu wakapendekeza inunuliwe flashi kubwa zaidi. Mwalimu akasimama kwenye mkutano akasema flashi kubwa zaidi maana yake ni msiba mkubwa zaidi, na kwamba kitu cha watu wengi kitunzwe na watu wengi, wala pasiwe na mmoja ambaye akiugua wote wanaugua. Akaanza kuokota kompyuta zilizotupwa na ofisi za mjini, akazifufua, akazigawa nyumba kwa nyumba, na vifaa vya kurushia mawimbi akavifunga juu ya mapaa. Pale paa lisipoonana na paa, mashine zilitumia bando la simu.

Swali la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: kama vitu vimetawanyika kwenye nyumba zote hizi, na hakuna mkubwa, nitajuaje changu kiko kwa nani? Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa anapata ujana. Kazi ya kujua kitu kiko kwa nani aliiita kusaga.

"Unaenda mashineni na mahindi," alikuwa anasema. "Yanatoka unga. Unga huwezi kuurudisha uwe mahindi, sivyo? Lakini sasa chukulia mashine ya ajabu kidogo: mahindi yale yale, ukiyasaga leo au mwakani, hapa au Mzenga, unga wake haupungui wala hauzidi chembe. Sisi tunasaga jina. Jina la wimbo linaingia, inatoka namba. Namba hiyo ndiyo inayosema nani atautunza wimbo. Kila mwenye mashine naye ana namba yake; mwenye iliyo karibu nayo ndiye mtunzaji. Kwa hiyo huna haja ya kumuuliza mkubwa. Ukilijua jina, unalisaga mwenyewe, unajua pa kuelekea."

"Na huyo mwenye namba iliyo karibu nitamjuaje?" niliuliza, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Huna haja ya kumjua. Njoo Jumamosi na kofia, kutakuwa na jua."

Jumamosi alitupanga uwanjani kwa usharika kwa duara, watu wazima na akili zetu, kila mmoja ameshika kipande cha boksi chenye namba, kuanzia ndogo hadi kubwa mpaka duara likafunga. Kila mmoja aliruhusiwa kujua watu wachache tu: aliye mbele yake, aliye robo ya duara, na aliye ng'ambo kabisa. Wengine wote tuwachukulie kama wageni. Kisha akamnong'oneza katibu namba ya kutafuta.

Katibu akaangalia watu wake. "Mimi sina. Ila wa ng'ambo kule yuko karibu nayo kuliko mimi." Akaenda ng'ambo. Wa ng'ambo akasema, "Mimi pia sina, ila namjua wa robo, yeye yuko karibu zaidi." Wa robo akamwonyesha wa mbele yake. Wa mbele yake alikuwa Mama Mwalimu, ameshika namba na sufuria ya uji. Katibu amefika. Kaenda hatua tatu tu katika umati ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua mambo yote.

"Mmeona?" Mwalimu alisema, anazunguka katikati kama mtu anayeuza kitu. "Duara likiwa kubwa mara mbili, anaongeza hatua moja tu. Jedwali ni moja, kubwa, lakini hakuna aliye nalo zima. Kila mmoja ana mistari yake michache. Sheria ni moja. Marufuku kusema sijui. Sema nani yuko karibu kuliko wewe."

Sheria ile aliitumia mpaka ikawa kero. Ukimuuliza dawa ya kuku wanaokohoa, hakujibu hata kama alikuwa anajua. Alikutajia mtu aliye karibu na jibu kuliko yeye. Alipotaka spoku za baiskeli yake ya kizamani hakwenda dukani, alianza kwa jirani wa kushoto kwa makusudi, akaelekezwa kwa mkwe wa jirani, mkwe akamtaja fundi cherehani, fundi cherehani akamtaja mpwa wake anayekaa Kwala, na spoku zikapatikana. Alikuja kwangu na furaha kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Nilimwambia duka la spea liko nyuma ya nyumba yake. Akasema analijua, ila duka likifungwa je?

Kuna jambo moja lililonishangaza. Mtu huyu aliyeweza kutafuta kitu chochote katika wilaya mbili hakuwa anaweza kupata miwani yake. Miwani, funguo, kandambili moja, kikombe cha chai alichokuwa anakinywa. Kutoka chumbani ilisikika sauti, "Mama, hivi miwani..." na Mama Mwalimu, bila kuinua kichwa kwenye mchele anaopeta, "Kichwani." Mama Mwalimu alituambia siku moja kwamba mtandao wa nyumba ile una mashine moja tu, nayo imechoka, inataka kwenda Kibuta kulima.

Jambo la pili ni kwamba Mwalimu alituhubiria kuwa hakuna mkubwa, na wakati huo huo hakuna aliyeruhusiwa kupanga nyaya ila yeye. Ukikunja waya kwa mtindo wako alisubiri uondoke, akaukunjua, akaukunja upya. Na la tatu nilikuja kulielewa baadaye sana: aliguna kila simu ikiita, "Baba Neema tena," lakini siku ile nilipomuuliza kijana wa duka la simu badala yake, alikaa siku nzima anasafisha baiskeli na hataki chai.

Lakini mtu asije akadhani alikuwa mtu wa kukaa na vyombo tu. Kila asubuhi alipita nyumba zote zenye mashine. "Hodi, mpo?" "Tupo, Mwalimu." Akaendelea. Hakuingia, hakukaa. Mwanzoni mke wangu alifikiri anachunguza kama tumeshakula vitafunwa. Mwalimu akaeleza kwamba hivyo ndivyo mashine nazo zinavyofanya, kila baada ya muda mfupi moja inampigia hodi mwenzake, na asipoitikia mara kadhaa, waliobaki wanajua huyo ametoka, wanaziba pengo lake na kutengeneza nakala nyingine kwa mtu mwingine. "Kwa nini wewe unapita kwa miguu basi?" mke wangu alimuuliza. Mwalimu akajibu, "Mashine ikinyamaza najua mashine imezimika. Mtu akinyamaza ni lazima nimwone."

Sasa nieleze kosa lake kubwa, maana langu nimeshalisema na si haki niaibike peke yangu.

Vitabu vyake vilisema namba za mashine zitawanywe. Jina la mashine nalo lisagwe, namba itoke hovyo hovyo, ili wawili waliokaa pamoja kwenye duara wasiwe wamekaa pamoja mtaani. Mtaa ulikataa. Watu walisema, iweje picha za harusi yangu zitunzwe na mtu wa Mzenga nisiyemjua, wakati jirani yangu yuko hapa na anataka kutunza? Mwalimu akaeleza kwamba vya siri vinafungwa, mtunzaji anakaa na sanduku bila ufunguo. Wakasema sawa, lakini sanduku langu likae kwa jirani. Kwa kutuonea haya akakubali. Akatoa namba kwa mpangilio wa nyumba. Kila kitu kilikuwa na nakala tatu, kwa mtunzaji na kwa wawili wanaomfuata kwenye duara, kwa hiyo zote zilikuwa kwenye nyumba tatu zinazofuatana, na sisi tukajisifu kwa ujirani mwema.

Kisha akafariki mzee wa kwaya, kiongozi aliyefundisha kwaya yetu tangu sauti zetu zilipokuwa zinavunjika. Alikuwa ametunga wimbo wa kuimbiwa kaburini kwake, ameufundisha mara moja tu, enzi hizo, kwa watu ambao wengi wao walishahama au walishatangulia. Alirekodi pia, anafundisha sauti kwa sauti, na ile rekodi ilikuwa kwenye mtandao. Mazishi ni kesho. Kwaya ya sasa haijui hata mstari wa kwanza. Katibu akakaa kwenye mashine ya usharika, akasaga jina, namba ikatoka, akatafuta. Hola. Akatafuta tena. Hola.

Wimbo ulikuwa unatunzwa na nyumba tatu za mtaa wa marehemu, ambao ndio wetu. Na katika mtaa wa marehemu, mtu akifa, hakuna redio, hakuna televisheni, hakuna kinachonguruma. Mtaa mzima ulikuwa umezima. Zile kompyuta zina feni na taa za kijani zinazopepesa. Watu waliona aibu kuwa na taa kama za ukumbi wa harusi wakati jirani yuko kwenye mkeka. Tulizima sote, tena kwa wakati mmoja, kwa heshima. Mimi niliyepewa kazi moja tu maishani nilizima wa kwanza.

Mwalimu alipoelewa alikaa chini kwenye ngazi za ofisi. "Nimewapa nakala tatu watu watatu wanaolia msiba mmoja," alisema. "Nilijua. Niliwaonea haya."

Kuwasha haikuwa jambo dogo. Ni nani angeenda kwenye msiba na kuomba watu wawashe mitambo? Wanaume chini ya turubai waliangalia pembeni. Mwalimu akavua viatu, akaingia ndani walikokaa wanawake, akaketi chini, akampa mjane pole, akasema haja yake yote kwa sauti ya kawaida. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika viatu vyake.

Mjane akasema, "Washeni. Yule bwana alikuwa halali mpaka redio iwe inaongea. Leo ndiyo mnataka kumpa kimya?"

Tukawasha. Wimbo ukapatikana, kwaya ikakaa kwenye darasa la kipaimara mchana wote inajifunza, na kesho yake ikauimba. Besi ilipotea katikati ikarudi. Watu walisema ulikuwa mzuri, na mimi nilisema hivyo hivyo ingawa nilikuwa naimba besi.

Baada ya arobaini Mwalimu alipita nyumba hadi nyumba kunyang'anya namba. Safari hii hakutuonea haya. Kila mwenye mashine aipe jina, jina lisagwe, namba itakayotoka ndiyo hiyo. Ya kwangu niliiita Jogoo. Jogoo akasagwa, akaangukia kati ya mashine ya Kwala, kwa storikipa mmoja aliyefundishwa na Mwalimu, na mashine ya Mzenga, kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hatujawahi kuonana. Mke wangu alicheka sana. "Kwa hiyo jirani yetu sasa yuko Mzenga. Akiugua tumpelekee uji?"

"Ndiyo," Mwalimu alijibu. Hakuwa anatania. "Nakala zikae kwa watu wasiolia msiba mmoja. Lakini mkijua mmoja wao ana msiba, mpigieni."

Nyumba ya Kibuta ikaezekwa. Siku lori lilipokuja nilisaidia kupakia vitanda, nikamuuliza taa ya njano kwenye Jogoo maana yake nini. Akaniangalia kwa huruma. "Baba Neema, mimi naondoka."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nauliza sasa."

Miezi ikapita. Mvua za masika mwaka uliofuata zilikuja na radi, na radi moja ilishuka kwenye waya wa mtaa wetu ikachoma kila kilichochomekwa. Jogoo alikufa na moshi. Mashine ya usharika ilikufa. Za nyumba jirani na mzee wa kwaya zilikufa zote. Usharika ukapata kompyuta nyingine kuukuu, katibu akaiunganisha. Kuingia kwenye duara, alikumbuka, unahitaji kumjua mmoja tu aliyemo, na yeye alikuwa na anwani ya yule wa Kwala.

Ndipo mjane alipokuja. Kesho kutwa walikuwa wanaweka msalaba kwenye kaburi, na alitaka kusikia wimbo, si kwa kwaya, kwa sauti ya mwenyewe. Tulikuwa watatu ofisini: yeye, katibu na mimi, ambaye nilifuata tu kwa kuwa nyumbani hapakuwa na umeme. Sote tulijua kinachopimwa pale. Kama wimbo ulikuwa umeungua, basi Mwalimu aliondoka na mtandao, sisi tulibaki na mabati.

Nikatoa simu.

"Unampigia nani?" mjane akauliza.

"Mwalimu."

"Mwache mtu alime. Katibu, tafuta."

Katibu akasaga jina. Mashine ikauliza Kwala. Kwala ikajibu sina, ila wa Mzenga yuko karibu kuliko mimi. Mzenga ikajibu ninao. Kisha kwenye spika ndogo yenye mkwaruzo tukamsikia mzee wa kwaya anakohoa na kusema, "Besi, msiburute. Mnavuta nini, gogo?" Mjane akacheka mpaka akajifunika uso na kanga. "Huyo," akasema. "Huyo ndiye." Akaomba airudie pale pa gogo.

Habari ya namna hiyo haitoshi kwa simu. Mimi, ambaye nikifika stendi najiona niko ughaibuni, nilivaa viatu vya kanisani, nikamwachia mke wangu kuku, nikaenda mpaka Kisarawe mjini, kisha bodaboda ikaniteremsha Kibuta mwisho wa mihogo. Mwalimu alikuwa amevaa zile zile suruali nzito, amezikunja hadi magotini, amekaa kwenye kigoda uani. Mama Mwalimu alikuwa anachochea moto. Jirani yao wa pale, Bi Mwajuma, mkulima wa siku nyingi wa Kibuta, alikuwa ameketi kwenye jamvi anamenya mihogo ya mchana, na kisu kingine kimewekwa tayari kwa ajili ya mtu ambaye inaonekana hakuwa amekigusa.

"Baba Neema umetoka nyumbani," Mama Mwalimu alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Shikamoo. Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Bi Mkubwa."

Wakaitikia. Nikakaa, nikapewa maji, nikaanza kusimulia. Nilisimulia radi, nikasimulia moshi wa Jogoo, na Mwalimu akaufuata kila mstari akiwa amesogea mbele ya kigoda. Nilipofika kwenye utafutaji akaninyanyulia kidole.

"Iliingilia wapi?"

"Kwala."

"Kwala ikasema?"

"Ikasema Mzenga yuko karibu kuliko yeye."

"Na Mzenga?"

"Ikautoa. Wote. Hata pale anapokohoa."

Alicheka, mabega kwanza, kisha tumbo. Akampigia mkewe kelele kwamba wimbo umekutwa Mzenga. Mama Mwalimu akasema amesikia, yuko hapo hapo. Mwalimu akaniambia nirudie kuanzia kwenye radi. Nikarudia. Akanishika bega akaniambia imekwisha, kazi yake imekwisha, sasa anaweza kulala. Akakuna goti.

"Na hamkunipigia?"

"Hatukupiga, Mwalimu."

"Simu yangu ilikuwa inapatikana. Nimeiweka pale dirishani, inashika vizuri."

"Nilitaka. Mjane akasema tukuache ulime."

"Hata mara moja tu. Hata kuuliza mwanzie wapi."

"Katibu alijua pa kuanzia."

"Katibu yule wa suruali?"

"Huyo huyo."

Akaangalia mihogo yake kana kwamba imepandwa vibaya. Akasema bila shaka ile kompyuta mpya ya usharika nyaya zake zimekunjwa ovyo. Nikasema sikuangalia. Akasema isingekuwa vibaya mtu kupiga simu kutoa taarifa tu, kwa adabu, hata kama kitu kimeshapatikana, na kwamba Kwala ni njia ya mzunguko kidogo, yeye angetuonyesha pa kuingilia pazuri zaidi. Akajaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. Mama Mwalimu alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akarudi kwenye moto wake.

Bi Mwajuma hakuinua hata macho kwenye muhogo.

"Mwalimu, tangu umehamia hapa unatuchosha masikio kwamba unataka watu wasikuulize, leo hawajakuuliza unataka kulia. Shika kisu umenye, watu tuna njaa."